Kadi ya Tano

Asubuhi hiyo Sindano aliingia ofisini akiwa amekwisha kasirika. Kuna watu hukasirishwa kazini na kuna watu hukasirishwa njiani. Yeye hasira alitoka nayo nyumbani, imefungashwa vizuri pamoja na miwani na chupa ya maji. Jana jioni alikuwa ameona orodha ya maneno ya kufutwa, na neno lake limo.

Sindano si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wenzake wa kamusi kwa sababu mbili: wembamba wake na ulimi wake. Mbele yake walimwita Mhariri, akigeuka walimwita Sindano. Yeye alijua yote mawili, na ukweli ni kwamba hilo la nyuma ndilo alilolipenda zaidi.

Walikuwa wanatengeneza kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, katika vyumba vitatu juu ya duka la rangi. Harufu ya tina ya kuchanganyia rangi ilipanda ngazi tangu asubuhi na ilipofika saa nane kila mtu alikuwa na kichwa kinachogonga. Kamusi yenyewe ilikuwa imekwisha, miaka kumi na minane ya jasho, ndipo mchapishaji akaandika barua kusema kitabu ni kinene mno, hakuna mwanafunzi atakayekibeba. Punguzeni. Basi jopo la watu watatu likawa linapitia herufi moja moja na kalamu nyekundu, na maneno ya kale ndiyo yaliyotangulia kuchinjwa. Sasa walikuwa kwenye L.

Neno lenyewe lilikuwa "lest".

"Limekufa," alisema Mwenyekiti, hata salamu haijapoa. Alikuwa mtu wa shati jeupe na mfuko wa kifuani uliojaa kalamu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kuinama ili waisikie, na Sindano hakuwahi kuinama hata siku moja. "Wenyewe Waingereza wameliacha. Limebaki kwenye hati za mawakili na vitabu vya sala. Nafuta."

"Hujaliua, Mwenyekiti. Unalizika likiwa hai."

"Maana yake ni 'ili isiwe'. Mtu akitaka 'ili isiwe' atatafuta kwingine. Kalamu nyekundu."

"Maana yake si hiyo!" Sindano alipiga meza, na Mchapaji, binti aliyeketi nyuma ya mashine akiingiza mabadiliko, akaruka kidogo. "Mtu akisema 'funga mlango ili mbwa asiingie', anapanga mambo yake tu. Lakini neno hili ndani yake kuna woga. 'Funga mlango, asije mbwa akaingia.' Huyo mtu amekwisha kumwona mbwa! Kazi ya neno hili ni kuunga unalolifanya leo na unaloliogopa kesho. Na sisi tunalo, tunalisema kutwa: asije, isije, wasije. Ukilifuta utamwacha mtafsiri na 'ili isiwe' kavu, na mtu aliyekuwa anatetemeka kitabuni atatoka upande wa pili ametulia tuli."

Mwalimu, mstaafu mwenye mvi na adabu nyingi, mtu wa tatu wa jopo, alitikisa kichwa kama aliyekubali, kisha akamwona Mwenyekiti, akaacha kukitikisa.

Hapo lazima isemwe, maana ofisini hapo kila mtu alijua na hakuna aliyeitamka: Mwenyekiti alikuwa shemeji yake Sindano. Alimwoa mdogo wa Sindano, mmoja tu aliyekuwa naye, na mdogo huyo alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Tangu msiba ule, wawili hao walikaa meza moja kila siku ya kazi, wakaitana Mwenyekiti na Mhariri kama watu waliokutana kwenye semina.

"Hotuba nzuri," alisema Mwenyekiti. "Sheria unaijua. Neno likibishaniwa, anayelitetea alete kadi tano. Woga uonekane. Si woga wa kichwani mwako, woga wa mdomoni mwa watu."

"Nitaleta."

"Droo ya A, zilizomo kadi za 'asije', ilivujiwa na mvua mwaka juzi. Nakutakia heri." Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha funga hesabu.

Sheria ya kadi aliitunga Mwenyekiti mwenyewe, zamani, kabla hata Sindano hajaajiriwa. Katika kamusi hii haikuruhusiwa kubuni mfano. Kila sentensi iwe imesemwa kweli na mtu kweli, nayo iandikwe kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja: mbele sentensi, nyuma nani kaisema, wapi, lini. Kadi isiyo na nyuma, alizoea kusema, ni uvumi. Na aliishika sheria yake mpaka ikawa ugonjwa. Alitembea na kadi tupu mfukoni. Kwenye foleni aliandika, kwenye harusi aliandika, watu wawili wakigombana barabarani yeye alisogea karibu na kalamu, na kuna mara alikaribia kupigwa. Majirani walinyamaza akipita. Kilichowachekesha zaidi wenzake ni kwamba hata yeye mwenyewe akitokwa na sentensi nzuri alijiandika, na nyuma akaweka: "Mimi."

Sindano aliingia chumba cha droo akavuta kiti. Mwenyekiti hakudanganya kuhusu mvua. Kadi za A zilikuwa zimegandamana, wino umekimbia, nyingine zimeota ukungu wa kijani. Alizibandua kwa ukucha moja baada ya nyingine. Saa nzima ilimpa kadi mbili. Nusu saa nyingine ikampa mbili zaidi, na ya nne ilimchekesha peke yake mle ndani. Alibakisha moja tu, na alikuwa anaitaka vibaya. Si kwa sababu ya mwanafunzi wala mtafsiri, tuseme ukweli. Alitaka kumwona yule mtu ameshindwa, mbele ya watu, kwa sheria yake mwenyewe.

Ya tano ilikuwa imebanduka vizuri, haina hata doa. Mwandiko aliutambua kabla hajasoma: herufi ndogo, zimelala upande, nadhifu mno.

"Usimwambie mke wangu, asije akakata tamaa."

Aliigeuza.

"Mimi. Chumba cha daktari, wodi ya wanawake. Machi 11." Na mwaka. Mwaka ule.

Sindano aliisoma tena, mbele na nyuma.

Alikosana na mdogo wake mwaka huohuo, mwezi wa kwanza, kwa sababu ya huyuhuyu mtu. Alimwambia mdogo wake kwamba mumewe amemfanya kama kitu cha kabatini, hatoki, haendi kwa mtu, haongei mpaka aulizwe. Mdogo wake akamjibu asikanyage tena kwake. Maneno ya dada na dada, ya kuisha baada ya wiki mbili. Sindano akangoja aitwe, maana ndiye mkubwa, na mkubwa hajipeleki. Wiki zikawa miezi, na shemeji yake alikuwa amechukua likizo ndefu, haonekani kazini. Alisikia kwa watu kwamba mdogo wake anaugua vidonda vya tumbo, akasema moyoni, vidonda havimuui mtu, atanitafuta. Mwezi wa saba habari zilimfikia siku tatu baada ya maziko. Alipokwenda na kitenge kichwani na macho yamevimba, shemeji yake alimzuia mlangoni, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini: "Daktari alituambia tangu Machi. Mwenzio alikuwa na miezi minne ya kukuita. Hakukuita."

Aligeuka palepale. Hakuingia ndani, hakuuliza amezikwa wapi. Miaka tisa aliishi na jambo hilo moja: mdogo wangu alijua anakufa, akahesabu siku zake, na katika siku hizo zote hakuona hata moja ya kunipa mimi. Picha zake alizitoa ukutani. Mtu akimtaja, Sindano alibadilisha mazungumzo. Alimpenda, akamchukia, na kuna siku alishindwa kujua lipi linaanza na lipi linaishia.

Na sasa kadi hii. Usimwambie mke wangu.

Angeweza kuirudisha. Aliwaza hivyo, hatukatai. Angeweza kumsubiri kwenye ngazi wakabaki wawili. Lakini kwenye ngazi yule mtu angesema lolote, kama alivyosema mlangoni. Mezani kulikuwa na sheria na kulikuwa na watu. Aliipanga ikawa ya mwisho, akaosha ukungu vidoleni, akarudi.

"Kadi tano," alisema, akabaki amesimama.

Mwenyekiti alikunjua kiganja kumpa nafasi. Alikuwa na kalamu nyekundu na hakuwa hata anamtazama.

"'Shusha sauti, asije baba akasikia.' Nyuma: msichana anaongea na simu, foleni ya benki."

"Inakubalika," alisema Mwalimu.

"'Mfunike mtoto, asije akapata baridi.' Nyuma: bibi na mkwewe, zahanati, chumba cha kungojea."

"Inakubalika."

"'Mchukulie ufunguo mapema, asije akabadili mawazo.' Nyuma: dalali wa nyumba, akimnong'oneza mteja."

Mwalimu alicheka. Hata Mchapaji alicheka.

"'Ficha hiyo sukari, asije shangazi akaimaliza.' Nyuma: mke wa jirani, amesikika ng'ambo ya ukuta. Shangazi alikuwa palepale."

Wakacheka tena, na chumba kikawa chepesi, na Mwenyekiti akafungua kifuniko cha kalamu kwa uchungu kidogo, kama mtu anayeona mechi inamponyoka. "Nne," alisema.

"Ya tano." Sauti yake Sindano haikuwa yake. "'Usimwambie mke wangu, asije akakata tamaa.'"

Kalamu ilisimama. Mwalimu, ambaye hakujua kadi ni ya nani, maskini, alisema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, hapo woga unaonekana wazi kabisa, na nyuma je?

"Kadi hiyo iwekwe kando," alisema Mwenyekiti.

"Kwa nini?" aliuliza Sindano.

"Nimesema iwekwe kando. Nne zinatosha. Neno limepita."

"Hapana," alisema Mwalimu, kwa upole wa mtu anayedhani anasaidia. "Samahani, Mwenyekiti. Kadi ikishasomwa mbele lazima isomwe nyuma, hata kama haitatumika. Sheria ni yako mwenyewe. Soma, dada yangu."

Sindano aliigeuza, ingawa hakuhitaji kuiona. "'Mimi. Chumba cha daktari, wodi ya wanawake. Machi kumi na moja.'" Akautaja na mwaka.

"Mimi nani?" aliuliza Mwalimu. Kisha akaiona ile kadi, akauona mwandiko, akaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangwa. Mchapaji aliondoa mikono kwenye mashine.

"Uliniambia alijua," alisema Sindano.

"Hapa si mahali pake."

"Mlangoni kwako, nimefunga kitenge kichwani, nimekuja kumlilia mdogo wangu. Uliniambia daktari amewaambia nyote wawili. Uliniambia alikuwa na miezi minne ya kuniita na hakuniita. Kumbe alidhani ana vidonda vya tumbo!"

"Nilimhurumia. Umesoma mwenyewe. Mtu akiambiwa anakufa anakufa mara mbili."

"Hiyo ndiyo huruma uliyoisema mbele ya daktari. Basi mimi ulinidanganya kwa huruma ya nani?"

Mwenyekiti alirudishia kalamu kifuniko chake.

"Nakuuliza. Wewe mtu wa maneno. Miaka yote unatufundisha kwamba sentensi moja haitoshi, lazima tujue aliyesema alikuwa na nini moyoni. Ulikuwa na nini?"

Mwenyekiti alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo na umechoka, na Sindano hakumwonea huruma hata chembe. Aliwatazama Mwalimu na Mchapaji kama mtu anayetaka kuwaambia watoke, ila hakuwaambia. Labda alikuwa amelibeba kwa muda mrefu mno. Labda alitaka tu kumuumiza. Kwa mtu yule mambo hayo mawili yalikaa karibu sana.

"Niliogopa asije akakuita," alisema.

Kwa mara ya kwanza Sindano aliinama ili amsikie.

"Ungekuja," aliendelea. "Na mifuko yako na ulimi wako. Ungekaa kitandani kwake, mngecheka mambo yenu ya utotoni ambayo mimi siyajui, mngelia, na mimi ningekuwa mtu wa kuchemsha maji. Tangu nimwoe mimi nilikuwa wa pili. Nilipewa miezi minne na daktari nikasema hii ni yangu. Sikuigawa."

"Haikuwa yako. Ilikuwa yake."

"Najua ilikuwa ya nani."

"Na ile ya mlangoni? Alikuwa amekwisha zikwa. Hapo uliogopa nini?"

"Hapo sikuogopa kitu. Hapo nilikuwa nakuchukia." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Ulikuwa unalia kuliko mimi."

Mwalimu alikohoa, akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba neno basi limepata kadi zake tano, akatoka; kiti chake kikabaki kimegeuka.

Sindano alikuwa na matusi ya kutosha. Mtu mwenye ulimi kama wake huwa hayatafuti, humjia yenyewe, na mengi aliyaandaa miaka mingi kwa ajili ya mtu huyuhuyu. Lakini yote yalikuwa ya vita nyingine. Kulikuwa na jambo moja tu alilotaka, na aliyekuwa nalo duniani ni huyu aliyekaa mbele yake, na ilimbidi aliombe.

"Angeniita?"

Mwenyekiti alikawia. Ilionekana kana kwamba hata sasa anapima kama ampe au amnyime.

"Nijibu, wewe mtu! Angejua, angeniita?"

"Siku ileile," alisema. "Asingengoja hata nivae viatu. Mwezi wa tano aliniuliza mara mbili kama umepita. Nilimwambia hujapita."

Sindano aliketi. Alilia pale mezani mbele ya kalamu nyekundu na kadi zenye ukungu, kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini na nane, na Mchapaji alikuja akamshika bega kisha hakujua afanye nini na mkono wake. Alikuwa analia kwa furaha, kama furaha ndilo neno. Mdogo wake alimuuliza. Mara mbili. Na hapohapo aliona mwezi wa tano wote ulivyokuwa, jinsi yeye alivyokaa nyumbani akijiambia mkubwa hajipeleki, safari ya basi moja tu kutoka kwake hadi kwao.

"Miaka tisa nimemnunia maiti," alisema alipoweza kusema. "Kila siku ya Mungu nimekaa meza hii namnunia mdogo wangu kaburini, na wewe uko hapo, unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Alifuta uso kwa kiganja. Akachukua mkoba wake. Kadi ya tano aliiacha mezani, hakuitaka tena. Alifika mlangoni, akafungua, harufu ya rangi ikapanda, akasimama. Kusimama kule kulimgharimu kuliko yote ya asubuhi ile, maana alikwisha apa kwamba hatamwomba yule mtu kitu kingine maishani.

"Kaburi liko wapi?"

Mwenyekiti aliinuka nusu. "Nitakupeleka, shemeji."

"Usiniite hivyo. Na hunipeleki popote. Nieleze njia."

Akaketi tena. Alivaa miwani, akaangalia mikono yake, akaeleza: aingie kwa lango la nyuma, si la mbele, apite bomba la maji, ahesabu safu saba, ageuke kushoto, la nne lenye vigae vyeupe. Aliieleza vizuri, kama mtu anayekwenda kila wiki. Lakini Sindano masikio yalikuwa yanavuma na hakushika hata nusu.

"Rudia," alisema. "Taratibu."

Akarudia.